Wanaomla Mkunga Baharini

Baba mkwe wangu, Mzee Nchagwa, ana redio moja na msimamo mmoja, na hakuna anayethubutu kuvizima. Redio hukaa kwenye dirisha la duka letu hapa Nkende, antena yake imeungwa kwa waya mpaka kwenye bati. Msimamo hukaa naye popote anapokwenda.

Siku mambo yalipoanza nilikuwa uani, nachambua maharage kwenye ungo. Chumbani, mama mkwe wangu Boke alikuwa anapanga begi la safari. Binti yao wa mwisho, wifi yangu Happy, ameolewa Dar es Salaam, anaishi Kigamboni, na mimba yake ya kwanza ilikuwa inakaribia mwisho. Mama mkwe ni mkunga. Siku hizi kazi yake kubwa ni kuwasindikiza akina mama hospitali na kuwakemea waume zao, lakini zamani watu walizaliwa mikononi mwake, hata mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye mpaka leo akikutana naye huvua kofia na kutazama chini. Ameshika watoto wa kila mtu. Mtoto wa binti yake mwenyewe ndiye alikuwa hajamshika, na Happy alikuwa amepiga simu analia kwamba bila mama hawezi. Basi linalotoka Sirari lingempitia mama stendi ya Tarime Jumatatu alfajiri. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Baba alikuwa dukani na rafiki yake Mzee Mniko. Huyu Mniko anakula kwetu kila siku tangu mkewe, Waisiko, aende Mwanza kumsaidia binti yao aliyejifungua. Baba alikuwa anazungusha kitufe cha redio akitafuta habari za mnada wa ng'ombe, akakutana na kipindi cha elimu kikiwa katikati.

"…mkunga akishakomaa," sauti ya mwanamke ilisema, taratibu, kama mwalimu anayesoma imla, "mwili wake hubadilika. Huacha kula. Macho yake huwa makubwa. Rangi yake hugeuka kuwa ya fedha."

Kitufe kikaacha kuzunguka.

"Hapo ndipo anapouacha mto alioishi miaka yote na kuanza safari ya kwenda baharini kwa ajili ya uzazi. Safari hiyo ni ya hatari. Papa humvizia. Jodari humvizia. Nyangumi humfuata mpaka kwenye kina kirefu chenye giza. Watafiti walimfunga mkunga mmoja kifaa cha kupima joto. Siku moja joto likapanda ghafla, wakajua kwamba kifaa kile kiko tumboni mwa nyangumi."

Mzee Mniko alishika kifua.

"Na hata akifika salama, mkunga akishamaliza kazi ya uzazi huko baharini, hufa. Harudi tena mtoni."

Baba akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niolewe katika mji huu. Alizima redio.

Mimi nimekulia Tanga. Baba yangu mzazi ni Mkurya wa hapahapa, ila alikuwa mwanajeshi na jeshi likampeleka huko, kwa hiyo mkunga nimemla kwa nazi na pilipili nikiwa mdogo. Ni samaki mrefu kama nyoka, anateleza, na nyama yake ni tamu. Lakini huku kwetu samaki ni sangara, sato na kamongo wa ziwani, na mkunga ni yule mama anayeitwa uchungu ukianza, basi. Wale samaki wakiwa wengi huitwa mikunga, na akina mama huitwa wakunga, kwa hiyo mtu angeweza kugundua tofauti. Redio yenyewe ilisema mkunga, mkunga, kana kwamba dunia nzima ina mmoja. Na huyo mmoja alikuwa chumbani anakunja khanga.

Tena kila neno lilimkaa. Alikuwa ameacha kula, kwa sababu alikuwa ameng'olewa jino na ugali ulimshinda. Macho yake yalikuwa yamekuwa makubwa, kwa sababu ya miwani mipya aliyopewa hospitali. Na nywele zake, ambazo alikuwa amechoka kuzipaka rangi, zilikuwa za fedha kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni.

"Mama Emanuel hasafiri," Baba alitangaza kutoka dukani, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe.

Mama mkwe akatoka na khanga mkononi. "Kwa nini?"

"Huko ni kwenye maji."

"Mimi naenda Kigamboni, siendi kwenye maji."

"Kigamboni mtu anafikaje?"

"Anavuka na pantoni."

Baba akamtazama Mniko, Mniko akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kuna daraja pia," mama mkwe alisema.

"Daraja limejengwa juu ya nini?"

Mama mkwe akamgeukia Mniko. "Shemeji, huyu ameumwa na nini?"

"Redio imesema, shemeji. Mkunga akienda baharini analiwa."

Mama mkwe akawakazia macho wote wawili kupitia ile miwani, jambo ambalo halikusaidia. "Analiwa na nani?"

"Kwanza, papa," Baba alisema.

Hapo Mzee Mniko akashtuka, maana yeye ni mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa wetu. "Hapana, mura. Hapo umesikia vibaya. Papa hawezi."

"Papa wa majini."

"Kumbe kuna Papa wa majini?"

Nilijifunika uso kwa ungo, maharage yakamwagika.

Jodari hawakumjua hata kidogo. Mniko alisema lazima ni askari wa bandarini, kwamba amewahi kusikia askari wa kule ni wakali. Kuhusu nyangumi hapakuwa na ubishi, kwa sababu yumo kwenye Biblia.

"Yona alimezwa na akatapikwa salama," mama mkwe aliwakumbusha.

"Yona alikuwa na ujumbe wa Mungu," Baba alijibu. "Wewe una furushi la dagaa."

Mama mkwe akaingia ndani na kufunga mlango. Nilimfuata, nikamweleza habari ya samaki wa Tanga. Alicheka mpaka pengo la jino likamuuma, halafu uso ukabadilika. Alisema ameletwa katika mji huu kutoka Kenyamonta akiwa msichana, amepika, amelima, amezaa, amezeeka, na kama mume wake hajajua mpaka leo kwamba yeye si samaki, hawezi kuanza kumweleza sasa. Angeweza kuondoka tu kwa nguvu. Lakini hataki kwenda kumshika mjukuu huku nyuma ameacha mwenye mji amekasirika. Alisema mikono inakuwa mizito.

Ningeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja, kama ningekuwa mtu mwingine. Mimi ni mkwe. Kwa Wakurya kuna kitu kinaitwa ensoni, ni heshima yenye aibu ndani yake, na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe ndipo ilipojaa pomoni. Naweza kumwambia Baba kwamba chakula tayari. Naweza kumwambia mvua inakuja. Siwezi kumbishia, na mambo ya uzazi hayatamkwi kati yetu hata nyumba ikiungua. Yule samaki angekuwa na jina lingine lolote, ningesema. Wakamwita mkunga, nikafungwa mdomo.

Kwa hiyo nilimwambia kuku.

Kuku mwenyewe ni wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, na tulikuwa tunamwita Kishingo hivyohivyo. Alikuwa amefungwa mguu kwa kamba chini ya mpapai akisubiri Jumatatu, maana naye alikuwa msafiri, wa kwenda kuwa supu ya Happy akishajifungua. Alhamisi asubuhi, Baba akiwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni mwa duka, niliinama mbele ya kuku na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Kishingo, ujue huko Tanga kuna samaki ana jina la kazi ya mtu. Mtu akisikia redio nusu anaweza kuchanganya."

Kishingo alinitazama kwa jicho moja. Baba alikohoa.

Nikaona nimtafute mume wangu. Emanuel ni wakala wa forodha Sirari, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, na kwa kuwa siku nzima anashinda na watu wa Isebania, upande wa Kenya, Kiswahili chake kimevuka mpaka. Nilimpigia simu nikamwambia: mwambie baba yako mkunga ni samaki.

"Mkunga? Mkunga ni mathe."

"Ni samaki, Emanuel."

"Judith, niko na malori mengi hapa, madereva wanataka karatasi zao saa hii. Mama amekuwa nini?"

"Wewe mwambie tu."

Akampigia. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia Baba akisema "eeh", "eeh", halafu akakata simu. Baadaye akamwita Mniko kutoka ng'ambo ya barabara.

"Emanuel amepiga simu," alimwambia. "Anasema mama yake ni samaki."

"Kumbe hata Sirari habari imefika," Mniko alisema.

Siku mbili zile zilikuwa nzito. Happy alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni, anauliza kama tiketi imeshakatwa, na mama mkwe anamdanganya kwamba ndiyo, halafu anakaa kitandani karibu na begi lake na kuvua miwani ili asione. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na redio, na Emanuel, na Baba, na watu wa pwani waliokosa jina lingine la kumpa samaki.

Jumamosi nilimwona Baba akiichukua redio dirishani na kuondoka nayo chini ya koti, akaelekea nyuma ya zizi. Nilijua vile vipindi vya elimu hurudiwa Jumamosi. Nikasema moyoni, yamekwisha, atasikia mwanzo. Alikaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Aliporudi, akaiweka redio mahali pake bila kuiwasha, akanawa mikono, akala.

"Mama Emanuel hasafiri," alisema baada ya kula.

Jumapili tuliporudi kanisani, uvumilivu uliniishia. Nilienda moja kwa moja mpaka kwenye mpapai na viatu vyangu vya kanisani, nikapiga magoti mbele ya kuku. Baba alikuwa kwenye kiti chake, karibu kabisa.

"Kishingo," nilisema, "mkunga ni samaki. Mwenye masikio amesikia. Happy anamsubiri mama yake, na huyo samaki hamhusu."

Nilikuwa nimelitamka lile neno mbele yake. Nikasubiri ainuke na kuondoka. Hakuinuka. Aliusogeza mkongojo wake, halafu, kwa mara ya kwanza, akamjibu kuku.

"Kuku. Mwambie mkwe wangu kwamba najua. Nimesikiliza jana tangu mwanzo. Ni samaki, tena mrefu."

Kishingo akadonoa kamba yake.

"Mwambie papa nimemwelewa. Jodari naye ni samaki, Mniko ametudanganya. Yote wameyaeleza vizuri. Lakini ile sehemu ya mwisho hawakuibadilisha. Bado harudi."

Sikujua niangalie wapi.

"Waisiko alienda Mwanza kumwogesha mtoto," Baba aliendelea kumwambia kuku. "Mtoto sasa anajiogesha mwenyewe, anaenda shule na begi mgongoni, na Waisiko bado yuko Mwanza. Hakumezwa na nyangumi. Wajukuu ndio wamemla. Kwanza walisema mpaka mtoto akae. Halafu mpaka atambae. Halafu akazaliwa mwingine. Na Mniko unamwona alivyo, anazunguka kwenye miji ya watu na kijiko mfukoni."

Hilo la kijiko ni kweli.

"Mwambie mkwe wangu kwamba mimi sijui kuishi kwenye nyumba ambayo Boke hayumo."

Sikuwahi kumsikia akimtaja mama mkwe kwa jina lake. Kwake yeye ni Mama Emanuel, ama "wewe", ama kikohozi. Niliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake, na machozi yakanitoka palepale, mbele ya kuku.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Sijui alikuwa hapo tangu lini, lakini sufuria ilikuwa inaungua nyuma yake na hakugeuka. Akaja polepole, akachuchumaa karibu yangu, akaanza kufungua kamba kwenye mguu wa Kishingo.

"Kuku," alisema, "safari yako ya Dar imefutwa. Happy atanunuliwa kuku hukohuko. Wewe unabaki hapa. Mwambie mwenye mji akulinde, kwa sababu nikirudi nitakuchinja mwenyewe na tutakula mimi na yeye."

Baba akasogea mbele kwenye kiti. "Kuku anauliza, utarudi lini?"

"Mwambie mahindi yakianza kukauka shambani."

"Kuku anasema mahindi ya mwaka huu yana haraka."

"Na mimi nina haraka," mama mkwe alisema, akainuka, akaenda kuokoa sufuria yake.

Jumatatu alfajiri Baba alimpeleka stendi mwenyewe, akambebea lile furushi la dagaa, na kabla hajapanda basi akamshika mikono yote miwili mbele ya wapiga debe. Happy alijifungua mtoto wa kiume, mikono ya mama yake ikiwa mabegani mwake. Walimpa jina la Nchagwa. Baba alipoambiwa alisema ni sawa, akatoka nje, akakaa zizini peke yake akicheka.

Lakini moyo wake wote ulikuwa kwa kuku. Kishingo alilala ndani ya duka, kwenye boksi la sabuni, chini ya miguu yake. Akitoka kwenda kula majani, Baba anamfuata na mkongojo. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anawaza wezi wa ng'ombe tu, sasa aliwajua kwa tabia zao wote wanaokula kuku: mwewe wa kwenye mkaratusi, kicheche, mbwa wa fundi viatu, na Mzee Mniko, ambaye alikuwa anamtazama Kishingo kwa jicho lisilo la kirafiki.

Mahindi yakaanza kukauka. Happy akapiga simu.

"Baba, shikamoo. Tulikuwa tunasema, mama angebaki kidogo, mpaka mtoto akae."

"Marahaba," Baba alisema, akakata simu.

Mahindi yakakauka kabisa, tukayavuna. Happy akapiga tena, sasa akasema mpaka mtoto aote meno. Mkwe wetu wa Kigamboni alikuwa amemnunulia mama godoro jipya na televisheni ya chumbani. Mzee Mniko alisikiliza habari hizo huku anatafuna, akasema, "Ndivyo walivyoanza. Kwangu pia walianza na godoro."

Baba akaacha kuwasha redio. Alikaa mlangoni na Kishingo mapajani, na ukimwita kula anasema ameshiba. Niliogopa kwa kweli. Nilimpigia Happy nikamwambia maneno ambayo wifi hapaswi kumwambia wifi, naye akalia, akasema mtoto halali bila bibi, na mimi ningefanyaje.

Siku iliyofuata, asubuhi, simu yangu ikaita. Alikuwa mama mkwe, na nyuma yake kelele za mabasi.

"Judith. Niwekee kuku kwenye simu."

Nilikimbia dukani, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaishika simu karibu na ile shingo isiyo na manyoya. Baba alikuwa palepale, anajifanya anapanga viberiti.

"Kishingo," sauti ya mama mkwe ilisema, "mwambie mwenye mji niko stendi, nimeshapanda. Happy amelia, mtoto amelia, mkwe ameficha begi langu juu ya kabati. Nimewaambia nawapenda wote, lakini nina kuku Tarime."

Baba aliweka viberiti chini. Akavaa koti lake la kanisani, akamchukua Kishingo, akamweka kwapani, akatoka kwenda stendi. Basi ndiyo kwanza lilikuwa linatoka Dar es Salaam, na lingefika kesho yake. Nilimwambia hivyo, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa kuku. Akasema hapendi kuchelewa.

Tulimrudisha kwa shida, na kesho yake tukaenda naye wote, mimi, Emanuel na Mzee Mniko. Mama mkwe aliteremka amenenepa, jino jipya la bandia mdomoni, nywele zake za fedha zimesukwa kwa mtindo wa mjini, sijui ni fundi gani wa Kigamboni. Kabla ya mtu yeyote, alimtazama kuku.

"Amenenepa," alisema.

Baba akamsogeza Kishingo mbele. "Kuku, mwambie karibu."

"Nisemeshe mwenyewe," mama mkwe alisema.

Baba akatazama wapiga debe, akamtazama Mniko, akanitazama mimi mkwe wake, ambaye mbele yake hakupaswa kuonyesha mapenzi. Koti lake lilikuwa limejaa manyoya ya kuku.

"Karibu nyumbani, Boke," alisema.

Tulianza kutembea. Mama mkwe alishika kona moja ya begi na Baba kona nyingine. Mzee Mniko, nyuma yetu, akashindwa kuvumilia, akauliza kuku anachinjwa lini.

"Hachinjwi," Baba alisema bila kugeuka. "Happy bado ni kijana, atazaa tena."